Hatua Moja ya Tuta

Sisi tukaao Lushoto twajua jinsi mvua ya masika iuchukuavyo udongo wa mteremko na kuushusha bondeni. Dawa yake pia twaijua: ni matuta yaukatizayo mlima, na majani ya guatemala yapandwayo juu yake ili kushika udongo na kulisha ng'ombe. Basi mbona mashamba mengine hayana matuta?

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango wake huko Mlalo, na watu wakaamriwa kuchimba matuta. Wengi walichukia, na katika miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Kazi ya kushurutishwa haidumu. Lakini hata kazi ya hiari hufa, ikianzwa kwa pupa. Sisi wenyewe tulichimba siku moja tangu alfajiri hata jioni. Mikono ikatoka malengelenge, na jembe likalala majuma matatu.

Wazee husema: Chururu si ndo ndo ndo. Na tuchimbe urefu wa hatua moja kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine. Kwa siku 6 za juma, mwaka ukiisha tutakuwa na hatua zaidi ya 300. Tukiugua siku moja, tusichimbe mbili kesho yake ili kulipa deni. Tuchimbe moja tu, tuendelee.

Ndivyo ilivyo katika kujifunza kusoma, na katika kuweka akiba ya karo. Kesho asubuhi kila mmoja ajiulize: Hatua yangu ya leo ni ipi? Na aimalize kabla umande haujakauka.