TUTUNZE KINYWA CHA MGONJWA WA SARATANI



Tulikwenda kumjulia hali mwanakisomo mwenzetu mmoja. Mama huyu ana saratani ya titi. Wiki moja kabla alikuwa ametoka hospitali kutiwa dawa za saratani. Tulimkuta kinywa kimejaa vidonda. Hata uji ulimshinda. Majirani walisema, "Dawa hizo ndizo zinazomwua. Aache!" Wengine walisema amelogwa. Naye akatuambia kwamba harudi tena hospitali.

Je, majirani walisema kweli? Hebu tujifunze.

Kwa nini kinywa huumia?

Chembe za saratani huzaliana upesi. Dawa hizi huua chembe zinazozaliana upesi. Lakini ngozi ya ndani ya kinywa nayo hujijenga upya upesi. Basi, dawa huiumiza nayo pia. Vidonda huanza kama siku 5 hadi 14 baada ya kutiwa dawa. Mara nyingi hupona baada ya wiki chache. Siyo uchawi.

Mionzi ya kichwani au shingoni huleta taabu nyingine. Mate hupungua, na meno huoza haraka. Mfupa wa taya nao hupungukiwa na nguvu ya kupona. Jino liking'olewa baadaye, hata miaka mingi ikiwa imepita, kidonda chaweza kukataa kupona.

Tufanye nini?

1. Kabla ya matibabu kuanza, mgonjwa aonwe na daktari wa meno. Meno mabovu yang'olewe mapema, kidonda kipate muda wa kupona.

2. Apige mswaki laini asubuhi na usiku, kwa dawa ya meno. Kijiti kigumu kitamchubua.

3. Asukutue mara kwa mara. Chukua kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Asukutue na kutema, asimeze.

4. Ale vyakula laini vilivyopoa: uji, maziwa yaliyochemshwa, ndizi zilizopondwa. Aache pilipili, ndimu, pombe na tumbaku.

5. Anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa.

6. Asing'oe jino popote kabla ya kumwuliza daktari anayemtibu saratani.

Hatari!

Mwili ukiwa na joto la 38 au zaidi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Dawa hizi hupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu. Mpelekeni pia akishindwa kunywa, akitoka damu isiyokoma, au akiota utando mweupe kinywani. Utando huo una dawa yake.

Yule mama tulimsindikiza kwa daktari. Alipewa dawa ya maumivu na ya kusukutua. Baada ya siku kadhaa alianza kunywa uji, na tarehe yake ilipofika alirudi kutiwa dawa. Vidonda vya kinywa vinatibika. Saratani iliyoachwa bila dawa huendelea kukua. Basi, mgonjwa asiache matibabu kwa shauri la majirani. Amweleze daktari.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini dawa za saratani huleta vidonda kinywani?
2. Kwa nini meno yatazamwe kabla ya mionzi?
3. Jirani akikuambia mgonjwa wako amelogwa, utamjibu nini?