Somo: Tribinali Ikifungwa kwa Sababu ya Ugonjwa, Tunalinda Kesi Yetu Namna Gani?

Somo hili ni la familia zilizohama makwao, la viongozi wa site na wa kartie, na la mawakili (wale tunaowaita maavoka) wanaobeba kesi zao. Tunauliza: ugonjwa wa kuambukiza ukifunga njia na ofisi, wakili afanye kazi namna gani, na familia imwombe nini?

Swali hili si la kubuni. Tarehe 10 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa COVID-19 alitangazwa nchini kwetu. Tarehe 18 mikutano ya watu zaidi ya 20 ilikatazwa, na tarehe 24 Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, iliyodumu mpaka Julai. Kazi ya tribinali ilipungua sana. Tangu wakati ule mkoa wa Tshopo umepata pia mpox na kipindupindu. Na tangu Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ulioanzia upande wa Lubunga, umewatoa watu wengi majumbani mwao. Mtu aliyekimbia shamba lake ana kesi hata kama hajaiita kesi. Lubunga iko ng'ambo ya kushoto ya mto, na ofisi nyingi za sheria ziko Makiso, ng'ambo hii. Mitumbwi ikisimamishwa kwa sababu ya ugonjwa, mtu huyo na wakili wake wametenganishwa.

Haki ambazo hali ya dharura haizigusi

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 61, inataja haki ambazo haziondolewi hata wakati wa hali ya dharura. Kati yake kuna haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa. Kifungu cha 18 kinasema polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya mkubwa wa sheria anayehusika. Kifungu cha 19 kinampa kila mtu ruhusa ya kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua, hata wakati polisi wanapomhoji. Basi kiongozi wa site akiambiwa, "Corona imefunga kila kitu, kijana wenu atabaki kasho," ajibu kwa heshima na ataje vifungu hivyo kwa namba. Tumeona kwamba namba ya kifungu inasikilizwa kuliko kelele.

Siku zinaendelea kuhesabiwa

Hapa ndipo familia nyingi zinapoteza. Mlango wa tribinali umefungwa, na watu wanadhani siku nazo zimesimama. Msidhani hivyo mpaka wakili awaonyeshe andiko la serikali linalosema siku zimesimamishwa. Katika kesi za madai, rufaa ina siku 30 tangu mtu apelekewe hukumu. Katika kesi za makosa ya jinai ni siku 10 tu tangu hukumu isomwe mbele ya mhusika. Mtoto aliyezaliwa aandikishwe kwa eta-sivili ndani ya siku 90. Zikipita, itahitajika hukumu ya tribinali, na kwa familia iliyo chini ya bashi hiyo ni safari na gharama nyingine. Tena mtu akijipatia cheti cha uandikishaji juu ya ardhi yenu wakati ninyi mko site, jueni kwamba baada ya miaka 2 cheti hicho ni kigumu mno kukipinga.

Kwa hiyo wakili mwema, ugonjwa ukitangazwa tu, haanzi na kesi ya mwenye pesa. Anatoa mafaili yote kabatini na kuyapanga kwa tarehe: kwanza waliofungwa, kisha rufaa, kisha mengine. Anapigia kila familia simu kuwaambia tarehe yao. Familia nayo iandike tarehe hiyo katika daftari, na kiongozi wa site awe na daftari lake la kesi zote, bila kuandika siri za mtu.

Kesi iliyouhusu mji wetu

Kisangani ina mfano wake mkubwa. Sote tunakumbuka vita vya siku sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji. Mwaka wa 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye ilisema Uganda ina deni kwa Kongo. Kesi ya kupima fidia ilisikilizwa Aprili 2021, katikati ya COVID-19. Majaji wengine walikaa ukumbini na wengine walifuata kwa video. Ufundi wa video ulitosha. Kilichokosekana ni ushahidi. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11; tarehe 9 Februari 2022 mahakama iliamuru milioni 325, kati yake milioni 225 kwa madhara ya watu. Kongo ilitaja vifo 180,000. Majaji waliona ushahidi unawapeleka kwenye 10,000 hadi 15,000. Mtu anaweza kuuona uamuzi huo mchungu, nami nauona hivyo. Lakini majaji wa mbali hupima kile kilicho mezani, na vyeti vingi havikuwa mezani. Mfuko wa FRIVAO, wenye makao hapa Kisangani, ndio uliopewa kazi ya kugawa fedha hizo.

Basi karatasi zipigwe picha leo, kabla ya ugonjwa mwingine: karte ya mchaguzi, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya shamba, PV ya polisi, karatasi ya hospitali. Picha zitumwe kwa wakili na kwa ndugu mmoja anayekaa mahali pengine, kwa maana simu huibiwa. Msimwachie mtu karatasi ya asili bila yeye kutia sahihi kwamba ameipokea. Asiye na karatasi ya shamba aandike majina ya majirani wa pande zote nne na wazee walioshuhudia, wakiwa bado hai.

Ofisi ya wakili

Wakili apokee watu nje, chini ya mti au barazani, mmoja mmoja kwa saa waliyopatana, pakiwa na maji na sabuni. Lakini nje kuna masikio. Asimwulize mama habari za kubakwa mbele ya foleni. Kwa simu pia, neno la kwanza liwe, "Mama, uko peke yako?", kwa sababu site nzima huweza kutumia simu moja. Na aliyebakwa asingoje tribinali ifunguliwe: afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya muda huo.

Juu ya malipo tuseme wazi. Mtu asiye na uwezo anaweza kwenda kwenye ofisi ya Baro inayotoa ushauri wa bure, akiwa na cheti cha ufukara anachoomba komine. Ombeni cheti hicho mapema.

Kupatana nje ya tribinali

Wakati wa ugonjwa wazee na mashefu hupata kazi nyingi, na ni vizuri, kwa sababu ugomvi wa mpaka usiosikilizwa mahali popote huishia kwa panga. Wapatanishe juu ya nani alime wapi msimu huu, waandike PV, pande zote zitie sahihi, na iandikwe kwamba matumizi ya msimu si umiliki. Wasipatanishe juu ya mauaji wala kubakwa. Mbuzi na faini haviwezi kumaliza kesi hizo. Zinabaki za parke.

Maswali ya kujadiliana

Katika site yenu, ni kesi ngapi zina tarehe, na nani anazijua? Mitumbwi ikisimama kesho, wakili wenu atawapata kwa simu ya nani? Ni watoto gani waliozaliwa tangu mhame ambao siku zao 90 hazijaisha?