Mfumo Endeshi wa Haiku na Kazi ya Mtafiti wa Ushairi

Utangulizi

Makala hii inajadili mfumo endeshi wa Haiku na manufaa yake kwa mtafiti wa fasihi anayeutumia kila siku katika tarakilishi yake. Hoja yetu ni kwamba ubora wake kwetu umo katika namna unavyohifadhi maelezo kuhusu matini. Hata hivyo, ubora huo una masharti yake, na asiyeyazingatia huenda akapoteza kazi ya miezi mingi.

Asili ya Haiku

Kampuni ya Be, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 1990, ndiyo iliyounda mfumo endeshi wa BeOS. Mwaka 2001 kampuni hiyo iliuza teknolojia yake kwa kampuni ya Palm. Mwaka uo huo, wapenzi wa BeOS walianza kuuunda upya kama programu huria kwa jina la OpenBeOS, na mwaka 2004 wakauita Haiku. Mwanafunzi wa ushairi atalitambua jina hili: ni utungo wa Kijapani wenye mizani 5, 7 na 5. NetPositive, kivinjari cha BeOS, kilikuwa kikitoa taarifa za hitilafu kwa utungo huo. Toleo la kwanza la majaribio la Haiku lilitoka mwaka 2009.

Faili na Sifa Zake

Tuchukue mfano wa mtafiti aliyekusanya mashairi 300. Shairi moja alihifadhi katika kabrasha la mtunzi au la bahari? Akilinakili kote kuwili, atakuwa na nakala mbili. Siku atakaposahihisha neno katika moja, ile nyingine itabaki na kosa. Baadaye atashindwa kujua ipi ndiyo matini sahihi.

Haiku hutatua tatizo hili kwa kuruhusu faili ibebe sifa zilizo nje ya matini yenyewe. Mtafiti huunda aina mpya ya faili, tuseme "shairi", kisha akaipa sifa kama vile mtunzi, bahari, mahali na idadi ya beti. Sifa hizo huonekana katika safu, kama jedwali, na huweza kuhaririwa papo hapo. Akitaka tathlitha zote zilizokusanywa Lamu, huuliza kwa kutumia sifa mbili, na mfumo humletea orodha. Kila shairi hubaki moja, mahali pamoja, ila hupatikana kwa njia nyingi.

Masharti ya Matumizi

Kwanza, sifa hutafutika ikiwa tu imeundiwa faharasa. Faharasa iundwe kabla ya kuanza kuingiza data, kwani faili zilizotangulia hazitaonekana mpaka zifaharasishwe upya.

Pili, diski za mkononi nyingi hutumia muundo wa FAT, ambao hauwezi kubeba sifa hizi. Faili ikinakiliwa humo, matini hufika salama lakini sifa hupotea. Dawa yake ni kuzifunga faili kwanza katika kifurushi cha zip humo humo ndani ya Haiku, kwa kuwa programu yake ya zip huzihifadhi sifa.

Tatu, Haiku ni mfumo wa mtumiaji mmoja. Anayeketi mbele ya tarakilishi anaweza kufungua na kufuta kila kitu. Kwa hivyo haifai tarakilishi inayotumiwa na watu wengi, hasa penye rekodi za wahojiwa walioahidiwa siri.

Nne, baadhi ya vifaa vya mtandao usiotumia waya havitambuliwi. Ni busara kuujaribu mfumo kutoka kwenye diski ya mkononi kabla ya kuusakinisha. Kuhusu uandishi wa tasnifu hakuna shida kubwa, kwani LibreOffice imo miongoni mwa programu zake.

Hitimisho

Haiku humlazimisha mtafiti kuamua mapema ni sifa zipi za shairi zinazostahili kurekodiwa. Uamuzi huo ni wa kitaaluma, wala hauwezi kuachiwa fundi wa mitambo. Anayeainisha bahari ovyo ataletewa orodha ovyo, hata mfumo uwe bora namna gani. Mwenye kuainisha kwa makini naye atafaidika, mradi aweke nakala za akiba.