Kifaa Kinaandika, Wewe Dai Maandishi

Lori lililobeba mzigo wa kwenda Uganda, Rwanda au Kongo huondoka Mombasa mlango wa kontena ukiwa umefungwa sili ya elektroniki ya forodha. Sili hizi zinapita mbele yetu mchana na usiku, Changamwe, Magongo, Miritini. Hata hivyo wengi wetu tunaoishi kwa mizigo hiyo, awe dereva, tanboi, wakala wa forodha au mama mwenye duka Kisauni anayeagiza bidhaa Dubai, hatujui kifaa kinarekodi nini, kinampelekea nani, wala kinatufaa vipi mambo yakiharibika. Na yakiharibika, anayesikilizwa ni mwenye maandishi.

Zamani mizigo ya nchi jirani ilisindikizwa na maofisa kwa misafara. Pamoja na ulinzi huo, bidhaa zilizoandikwa kuwa ni za Kampala zilikuwa zikishushwa njiani na kuuzwa humu humu bila ushuru, na mfanyabiashara aliyelipa kodi yake akashindwa kushindana. Ndipo Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA, ikaanza kufuatilia mizigo kwa vifaa vya elektroniki, na Uganda nayo ikaweka mfumo wake mwaka 2014. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda ziliunganisha mifumo yao, sili moja ikaweza kufungwa Mombasa na kufunguliwa mwisho wa safari badala ya kubadilishwa mpakani.

Ndani ya sili kuna kipokezi cha satelaiti kinachojua lori liko wapi, laini ya simu inayotuma habari, betri, na kihisi kinachotambua kama kufuli limefungwa au limeguswa. Njia ya lori imechorwa tayari kwenye kompyuta. Likiacha barabara, likisimama mahali kwa muda usio wa kawaida, au kufuli likifunguliwa, tahadhari inatokea katika kituo cha uangalizi cha KRA Nairobi, na kuna vikosi kando ya barabara kuu vya kulifuata. Mahali pasipo mtandao kifaa hakilali: kinahifadhi kumbukumbu na kuituma kikipata mawimbi tena. Kwa mwizi hiyo ni habari mbaya. Kwa dereva mwaminifu ni shahidi, maana kumbukumbu hiyo hiyo inaonyesha alisimama Mtito Andei saa ngapi na kwamba kufuli halikuguswa.

Dereva, kabla hujawasha injini, linganisha namba ya sili na ile iliyo kwenye karatasi zako, tarakimu moja baada ya nyingine. Piga picha moja inayoonyesha namba ya kontena na sili pamoja, na nyingine ya mlango mzima. Mwombe mwajiri akuandikie namba za simu za kupiga ukipata shida, na uzibebe kwenye karatasi pia, kwa sababu simu huzimika. Gari likikufia Taru au Maungu, piga simu hapo hapo, wala usingoje uulizwe kwa nini umesimama. Usikubali kontena lihamishiwe lori jingine kabla forodha haijajulishwa. Sili ikilegea au ikigongwa, usiishike kwa nia ya kuirekebisha, toa taarifa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inahesabu kuchezea sili ya forodha kuwa kosa, na nia njema ni ngumu kuithibitisha ukiwa peke yako gizani kando ya barabara. Naona si haki kwamba mzigo huu wote unamwangukia dereva na tanboi wake, watu wenye malipo madogo kuliko wote katika safari hiyo. Kampuni ya lori inapaswa kuwafundisha kabla ya kuwakabidhi funguo.

Lakini sili ya forodha inalinda ushuru wa serikali. Haijui kama bidhaa zako zimeoza, zimelowa au zimevunjika. Kazi hiyo ni ya vihisi vingine, na mahali vinapofanya kazi kubwa zaidi ni katika kontena la friji.

Parachichi za Kenya zinazopelekwa Ulaya kwa meli hupakiwa kwenye makontena hayo, na kwa kawaida husafirishwa katika nyuzi 5 hivi za selsiasi. Mashine iliyo mbele ya kontena ina skrini ndogo inayoonyesha joto lililoagizwa, na ndani kuna vihisi vinavyopima hewa ya baridi inayoingia na hewa inayorudi baada ya kupita kwenye matunda. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo ya kutazama. Hewa inayorudi ikibaki na joto siku nzima, ama matunda yalipakiwa kabla hayajapozwa, ama masanduku yamepangwa vibaya hata hewa haipiti. Baadhi ya makontena hupima pia oksijeni na kaboni dayoksaidi, kwa sababu tunda likipunguziwa oksijeni huchelewa kuiva.

Kampuni kubwa za meli zimeyafungia makontena haya vifaa vya kutuma habari hizo hata meli ikiwa katikati ya bahari. Maersk ilianza kuwafungulia wateja wake huduma hiyo mwaka 2017. Umuhimu wake uliongezeka mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahuthi katika Bahari ya Shamu yalipozifanya meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya Ulaya ikarefuka kwa wiki moja hadi mbili, na kwa parachichi muda huo ndio mpaka kati ya tunda gumu linalouzika na tunda la kutupwa.

Ila mashine inatii inachoambiwa. Fundi akibonyeza nyuzi 5 chini ya sufuri badala ya nyuzi 5 juu yake, parachichi zitaganda, na kihisi kitaripoti kwamba kila kitu kiko sawa, kwa sababu joto ni lile lile lililoagizwa. Ndiyo maana mtu anayepakia asome skrini kwa macho yake, aone kama kuna alama ya kutoa, alinganishe na karatasi ya kuagizia kontena, kisha apige picha. Aweke pia kirekodi chake cha joto ndani ya masanduku, kimoja karibu na mlango na kingine katikati. Ni kifaa kidogo, hakina gharama kubwa, na kumbukumbu yake ni yako mwenyewe, hukuiomba kwa mtu. Uliza pia kama lori la kubebea lina jenereta inayofanya kazi, kwa sababu foleni ya kuingia bandarini jua la mchana likiwaka inaweza kuharibu kilichotunzwa tangu Murang'a.

Kwa makontena ya kawaida hali ni tofauti, na hapa watu wengi wanadanganyika. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilihudumia zaidi ya makontena milioni 2 kwa kipimo cha futi 20, na sehemu kubwa ya makontena ya kawaida duniani bado hayana kihisi chochote. Kampuni ya meli ya Hapag-Lloyd ilitangaza mwaka 2022 kwamba itayafungia yake vifaa hivyo, lakini si kampuni zote zimefika huko. Unapofuatilia mzigo wako kwenye tovuti ya kampuni ya meli, mara nyingi unachokiona ni matukio yaliyoandikwa: limepakiwa, limeshushwa, limetoka getini. Hakuna anayekuhakikishia hali ya ndani. Unyevu unaweza kupanda hadi kwenye dari la kontena na kudondokea mifuko kama mvua bila habari kumfikia mtu yeyote.

Namba ya kontena yenyewe ni kinga ya kwanza. Ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu ya zile zinazotangulia. Mtu akikupa namba ya kubuni, mara nyingi tovuti ya kampuni ya meli itaikataa. Kwa hiyo anayekusanya bidhaa za watu wengi Dubai au Guangzhou katika kontena moja akikwambia mzigo umeshaondoka, mwombe namba ya kontena, jina la meli na namba ya hati ya shehena, uhakikishe mwenyewe kabla ya kumaliza kulipa. Hati hiyo usiisambaze kwenye makundi ya WhatsApp. Habari zilizomo zinatosha kumsaidia tapeli.

Mzigo ukifika yadi ya Changamwe au Miritini, usiridhike na kuambiwa kwamba umefika. Tazama namba ya sili kabla haijakatwa, uilinganishe na iliyo kwenye hati ya shehena. Ikiwa ilibadilishwa kwa ukaguzi, omba maandishi ya ukaguzi huo. Ukikuta uharibifu, simamisha upakuaji, piga picha mzigo ukiwa bado ndani ya kontena, na umwite mkaguzi wa bima. Omba kampuni ya meli ikupe kumbukumbu ya vihisi kwa maandishi, ukitaja namba ya kontena na tarehe, na uombe mapema.

Haraka hiyo ina sababu. Chini ya Kanuni za The Hague, ambazo Kenya inazitumia kwa usafirishaji wa baharini, uharibifu unaoonekana kwa macho unapaswa kuandikiwa taarifa unapopokea mzigo, na uliojificha ndani ya siku 3 tangu kupokea. Usipofanya hivyo, inachukuliwa kuwa ulipokea mzigo ukiwa salama mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Kesi nayo ina mwaka 1 tu. Kwa hiyo usitie saini ya kupokea bila kuandika ulichokiona, na kama mzigo umeharibika, barua yako iwafikie wenye meli ndani ya siku hizo 3.