Mbwa wa Boma na Kichaa: Maandalizi Kabla ya Jeraha

Katika vijiji vya Tarime na Serengeti, mbwa ni mlinzi wa boma na mwenzi wa mchungaji. Mnyama huyo pia ndiye chanzo kikuu cha kichaa cha mbwa kwa binadamu. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufariki. Kabla ya hapo, huzuilika. Uhai wa aliyeumwa hutegemea saa za mwanzo, na saa hizo hutegemea yaliyoandaliwa mapema.

Namna ugonjwa unavyoingia

Virusi vya kichaa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kupitia jeraha, mchubuko, au utando laini wa macho na kinywa, kisha hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na huweza kuwa fupi zaidi jeraha likiwa kichwani au shingoni. Katika muda huo kidonda hupona na aliyeumwa hujiona mzima. Hapo ndipo familia nyingi huona nauli ya kwenda hospitali kuwa gharama isiyo ya lazima.

Ng'ombe naye huambukizwa. Mfugaji akimwona ng'ombe anatoa udenda na kushindwa kumeza, asitie mkono kinywani akidhani amekwamwa na kitu. Amwite ofisa mifugo.

Maandalizi ya kaya

Kwanza, mbwa na paka wote wachanjwe, watoto wao wakiwemo. Kampeni za kuchanja mbwa zilizofanyika wilayani Serengeti kati ya mwaka 1996 na 2001 zilipunguza kichaa kwa mbwa kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili.

Pili, sabuni na maji ya akiba visikosekane nyumbani.

Tatu, kaya ijue ni kituo kipi chenye chanjo ya binadamu, kwa kuwa si kila zahanati huwa nayo. Namba ya simu ya kituo na fedha za nauli viwekwe tayari.

Nne, watoto wafundishwe kusema mara moja wanapoumwa au kukwaruzwa. Mtoto anayeogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa huficha jeraha, na kimya chake huweza kumuua.

Baada ya kuumwa

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha lipakwe iodini ikiwapo. Pilipili, majani yaliyopondwa au mafuta visitumike.

Aliyeumwa apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Mhudumu ataamua juu ya chanjo ya kichaa, kinga ya pepopunda na, kwa majeraha makubwa, sindano ya kingamwili kuzunguka jeraha. Dozi za chanjo hutolewa kwa siku maalumu; kila tarehe ifuatwe.

Mbwa aliyeuma, akiweza kufungwa bila hatari, achunguzwe kwa siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kusitisha dozi zilizobaki. Matibabu hayasubiri siku hizo zitimie. Aliyechelewa naye aende, hata zikiwa zimepita wiki kadhaa, maadamu dalili hazijaonekana.