Singe na Beji za Wazee Wetu

Mara kwa mara jamaa za marehemu hutuuliza kuhusu singe iliyokutwa sandukuni pamoja na beji za shaba, mali ya babu aliyekuwa askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wa Uganda waliliita Keya. Ombi letu la kwanza ni kwamba singe hiyo isisuguliwe. Msasa huondoa kutu, lakini huondoa pia alama, na alama ndizo zitakazowaambia habari zake. Kitambaa laini na tone la mafuta ya cherehani vinatosha.

Singe inayojulikana zaidi ni ile ndefu ya bunduki ya Lee-Enfield, yenye ubapa wa sentimita 43 hivi. Karibu na mpini, upande mmoja, mtaona taji, herufi za mfalme na tarakimu 1907. Wengi hudhani huo ndio mwaka iliyofuliwa. Sivyo: 1907 ni mwaka wa muundo wake. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa vimegongwa chini yake kwa tarakimu ndogo, pamoja na jina la mtengenezaji, kama vile Wilkinson au Sanderson. 3 na 17, kwa mfano, ni Machi 1917. Upande wa pili huwa na mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza.

Hata hivyo, mwaka wa singe si mwaka wa askari. Silaha za Vita vya Kwanza zilitumika tena katika Vita vya Pili, hivyo singe ya 1917 yaweza kuwa ilibebwa na kijana aliyezaliwa 1922.

Kwa hiyo itazameni beji. Ya Keya ina baragumu, na kwa kawaida namba ya batalioni katikati: 4 ni ya Uganda, iliyogeuzwa Uganda Rifles mwaka 1962, 6 ni ya Tanganyika, 3 na 5 ni za Kenya. Kitambaa chenye kichwa cha kifaru ni cha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944. Familia iliyodhani babu alitia chumvi katika masimulizi yake ya Burma ina sababu ya kukitafuta kitambaa hicho kabla ya kuliuza sanduku.

Singe isibebwe barabarani, hata kama mnakusudia kuileta kwetu. Tupeni habari kwanza. Na mkikuta risasi au bomu la mkono, hata likiwa limeliwa na kutu, msiliguse wala kulisogeza. Waondoeni watoto, kisha iteni polisi.