Kabla hujavuka ziwa kwenda kuhubiri

Wadogo zangu wa Wamaza, Kasongo na Kabambare, leo yaya yenu anajibu swali ambalo mmeniuliza wengi, hasa ninyi wasichana mnaoimba kwaya na kuongoza maombi ya mkesha. Unasikia wito wa kupeleka Injili ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kigoma au Ujiji kule Tanzania. Hakuna kanisa lililokutuma, hakuna shirika linalokulipa, na mchungaji wako kila ukimweleza anasema subiri kwanza. Unataka kujua kama unaweza kujiendea mwenyewe.

Sina haki ya kumzuia mtu ambaye Mungu amemwita. Ninalokuomba, tena nakuomba kwa nguvu, ni kwamba usiende ukiwa huna mtu wa kukujibia. Huku unakotoka awepo mtu anayeweza kukuuliza hesabu ya kazi yako. Kule unakokwenda awepo mtu anayeweza kusimama mbele ya polisi na kusema: huyu ni wetu, tunamfahamu, analala kwetu.

Njia hiyo ya kutoka kwetu mpaka Ujiji ilishapitiwa na mtu mwenye jina kubwa kuliko letu sote. David Livingstone alikaa Nyangwe, hapo hapo Kasongo, miezi kadhaa mwaka 1871. Alikuwa ameshaachana na shirika la misheni lililomleta Afrika, anaandama mpango wake wa kufuata mito. Aliomba mitumbwi ya kuvuka Lualaba, hakupewa. Tarehe 15 Julai akaona kwa macho yake watu wa misafara ya watumwa wakiwapiga risasi wanunuzi na wauzaji katika soko la Nyangwe, na waliokufa walikuwa mamia, wengi wao mama zetu. Akageuka nyuma, mgonjwa. Alipofika Ujiji akakuta bidhaa alizowekewa akiba zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Akabaki omba-omba katika mji wa watu mpaka Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alipomfikia na chakula na dawa. Mtu huyo alikuwa na watu wa kumtafuta kutoka mbali. Wewe mwenye begi moja, atakutafuta nani ukinyamaza wiki tatu?

Sasa tuongee juu ya hao unaotaka kuwahubiria. Ukiuliza Ujiji wenyeji ni akina nani, utasikia wengi wakijiita Wamanyema. Ndiyo, jina la kwetu Manyema. Mababu zao walitolewa huku wakiwa watumwa, wapagazi na askari wa misafara, enzi za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na wengine walifika mpaka Dar es Salaam. Wengine wapo Buyenzi, kule Bujumbura. Wengi wao ni Waislamu tangu vizazi, na Uislamu ndio uliowapa heshima ya kuwa waungwana baada ya kuvuliwa kila kitu. Ukisimama sokoni na kipaza sauti ukaanza kuitukana dini hiyo, unaitukana njia ambayo watu hao waliinukia. Wewe binti wa Kasongo unalijua jambo hili kuliko mhubiri anayetoka mbali, kwa sababu kwetu Mkristo na Mwislamu wanazikana, wanapikiana pilau siku ya Idi na Noeli, na mara nyingi ni watoto wa baba mmoja. Beba adabu hiyo uvuke nayo. Zaidi ya adabu kuna sheria: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamhesabia kosa anayesema maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mwenzake.

Kwenye sheria ndipo vijana wetu wanapoangukia zaidi, basi nivumilie nikae hapo kidogo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengi wakadhani mpaka umefunguliwa kabisa. Kuingia kutembea ni jambo moja, kukaa na kufanya huduma ni jambo lingine, nalo lina kibali chake cha ukaazi. Kanisa au kikundi cha dini kinachofanya kazi Tanzania kinatakiwa kuandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa hiyo chumba chako cha maombi, hata kikiwa na watu kumi na wawili tu, kinaweza kuulizwa karatasi. Kigoma wanakusikia Mkongomani kuanzia salamu. Mkongomani asiye na karatasi mjini anachukuliwa kuwa mkimbizi aliyetoka kambini bila ruhusa, kwa sababu sheria yao inawataka wakimbizi wakae maeneo waliyopangiwa, kama Nyarugusu kule Kasulu, kambi iliyowapokea watu wetu tangu 1996. Tena anayekamatwa si wewe peke yako. Yule mama aliyekupa godoro naye anaulizwa kwa nini anaficha mhamiaji haramu. Umekwenda kumletea habari njema, unamwachia kesi.

Na msione serikali za majirani zetu zina chuki na Mungu. Mwaka 2018 Rwanda ilifunga maelfu ya makanisa yasiyotimiza masharti, ikatunga sheria inayomtaka kiongozi wa kanisa awe na shahada ya mambo ya dini. Mwaka 2023 Kenya ilifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Baada ya Shakahola, mhubiri anayetokea peke yake, asiyejulikana ametoka kanisa gani wala anatoa hesabu kwa nani, anatazamwa kwa jicho la mashaka. Mimi ninaona wanaomtazama hivyo wana haki. Ningekuwa mama wa watoto Kigoma ningetaka kujua huyu dada anayewakusanya jioni ni nani.

Kwa hiyo anza na barua. Mchungaji anayekuambia subiri, mwulize anasubiri nini hasa. Pengine hajakuona ukiwatembelea wagonjwa hapo hapo Wamaza, au anajua umegombana na viongozi wa kwaya na hamjapatana. Malizeni hilo. Kisha aandike barua yenye mhuri kwa kanisa la kule. Kama unasali CEPAC, Kigoma wapo FPCT, na makanisa yote mawili yalizaliwa na wamisionari Wapentekoste wa Sweden, kwa hiyo hutakuwa mgeni sana. Mkatoliki apitie kwa paroko wake mpaka Jimbo la Kigoma. Fika, keti kiti cha nyuma, fagia kanisa, fundisha watoto ukiombwa. Mtume Paulo mwenyewe, tunayempenda kwa safari zake, aliwekewa mikono Antiokia kabla ya kuondoka, na aliporudi aliwakusanya wale wale akawaeleza yaliyotendeka.

Paulo huyo huyo alishona mahema Korintho, nyumbani kwa Akila na Prisila. Hapo ninafika kwenye tumbo. Kanisa la Wamaza linaishi kwa mpunga na mawese, halitaweza kukutumia pesa kila mwezi, na ukiishi kwa sadaka ya watu waliokujua jana utaanza kuhubiri yale wanayopenda kusikia. Nenda na kazi ya mikono. Kushona ndiyo ninayoipenda zaidi, maana mafundi wa vitenge kutoka Kongo wanaheshimiwa pwani yote ya ziwa, na mteja anayepimwa gauni ana muda wa kuongea. Jifunze mpaka uive kabla hujaondoka. Na ulizia mapema kibali cha kazi hiyo, kwa sababu nacho ni kitu cha peke yake.

Kuna mtu mmoja ninapenda mumjue. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, pwani ya mashariki ya ziwa hili letu, kusini ya Kigoma. Hakuwa padri. Alioa huko, akatibu watu huko, akazeekea huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi. Ninyi mnaoniambia mtakwenda miezi mitatu muwashe moto kisha mhamie mji mwingine, ningependa mmoja wenu tu apange kukaa miaka mitano mtaa mmoja, ajue majina ya watoto wa jirani na nani kafiwa.

Kwenu wasichana nina neno la pekee. Atakuja mtu, pengine anaitwa mtumishi, atasema ana huduma kubwa Dar es Salaam au Oman, atakulipia tiketi, atakupa chumba, ila paspoti aitunze yeye. Usikubali, hata akiwa amekuombea ukaanguka. Anayeshika karatasi zako ndiye atakayeamua unalala wapi na unafanya kazi gani. Safirini mkiwa wawili kama mnaweza, kama wanafunzi wa Yesu walivyotumwa. Andika namba mbili za simu kwenye karatasi uishone ndani ya nguo, moja ya nyumbani na moja ya kanisa litakalokupokea, kwa sababu simu inaibiwa bandarini Kalemie kabla hata hujapanda boti.

Wawili mmeniandikia kwamba mama hataki kusikia habari hii. Ipigie simu familia itakayokupokea, mpe mama simu, uondoke chumbani waongee wenyewe bila wewe. Akimaliza na bado anakataa, kaa chini umwulize anaogopa nini, na umsikilize mpaka mwisho. Huenda kuna shangazi aliyevuka ziwa zamani ambaye nyumbani kwenu hatajwi, na wewe hujawahi kuambiwa.